Mzunguko Unaoanzia kwa Bartolomeo

Hanifa alitaka njia mpya. Alikuwa na ofisi ndogo ya kutembeza watalii pale Karatu mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge la kaka yake, na msimu wa wageni ulikuwa unakaribia.

"Isiwe ngumu, isiwe ya kitoto," alimwambia Leonce, mwongozaji wake wa safari za miguu. "Ya wastani. Iwe ya mzunguko, mtu asirudi alikopita. Na bonde la mto walione kwa juu, lote. Ila usinipeleke ndani ya hifadhi, sitaki habari za vibali na askari wa bunduki. Ishia mpakani mwa msitu."

Leonce akaitikia upesi kuliko kawaida yake, Hanifa akamtupia jicho. Angemjua vizuri zaidi angemkatalia palepale, kwa sababu njia iliyomjia kichwani mwenzetu huyu haikuwa ya watalii hata kidogo. Ilikuwa ya Martha.

Waongozaji wa Karatu wana shida moja: wengi wamezaliwa mlimani. Mwulize mtu wa Rhotia, kijiji cha huko juu, kama mlima wa kwao ni mkali, atakuuliza, mlima upi? Kwa hiyo hawawezi kujua ni wapi mgeni wa watu atakapoishiwa pumzi, na kila mmoja anatafuta mtu wake wa kupimia njia, mtu wa kawaida asiye na sifa za miguu. Wa Leonce alikuwa Martha. Martha naye kazaliwa Rhotia, shambani kwa baba yake, lakini miguu yake ilikuwa ya mjini. Alikuwa fundi cherehani, angeweza kukaa kitini kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua lizame na asilalamike, ila umwambie apande kilima aone unamwonea. Alikuwa kipimo kizuri sana. Akifika mwisho wa njia bado anaongea, njia ni rahisi. Akifika kanyamaza, ni wastani. Akifika anamtukana Leonce pamoja na ukoo wake wote, njia ni ngumu, na jioni Leonce ndiye atakayepika.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka minne katika chumba cha kupanga karibu na soko, na waliokuwa wakiwaona wanarudi na matope mpaka magotini walikuwa wakiwaonea wivu.

Tatizo ni kwamba Leonce hakuwahi kwenda kwa kina Martha. Mzee Bartolomeo, baba yake Martha, hakuwa mtu wa makuu. Hakudai kundi la ng'ombe wala harusi ya msururu wa magari. Alitaka jambo moja tu: Leonce aje na wazee wawili watatu, wakae sebuleni, waseme, binti yako yuko kwetu, tunajua ni wa nani. Basi. Lakini Leonce alikuwa na yake kichwani. Alitaka aende akiwa mtu, nyumba yake imesimama, blanketi la mama mkwe begani, wajomba zake wa Mbulu wamevaa makoti mapya. "Msimu ukiisha," alikuwa akimwambia Martha. Msimu ukaisha, mvua zikaja, msimu mwingine ukaingia, na yeye bado anasema msimu ukiisha. Hakuwa mwongo wala mhuni. Alikuwa anaona aibu kwenda mikono mitupu, na kwa sababu ya aibu hiyo akawa haendi kabisa. Mimi nasema huo ni ujinga wa watu wanaojiheshimu kupita kiasi, nao huku kwetu ni wengi.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mahindi, Martha alifunga cherehani yake kwenye bodaboda akarudi kwao. Hakugombana na mtu. Alisema tu, "Nikitakiwa, kwetu panajulikana." Leonce akalia siku ile, kilio cha mwanaume aliyefunga mlango na kufungulia redio, halafu akajikaza kisabuni akaenda kazini. Tangu hapo kila alipowaonyesha wageni ndege, miti na nyayo za tembo mpakani, alikuwa anaongea kwa mdomo tu. Alimtaka Martha arudi. Kulala na kuamka kwake kote kulikuwa hapo.

Kwa hiyo Hanifa aliposema mzunguko wa wastani wenye bonde la mto, Leonce aliona mlango umefunguka. Angempigia Martha aje apime. Angempeleka pole pole mpaka juu, na huko juu, bonde likiwa limelala miguuni mwao, angemwambia yaliyomkaa moyoni.

Aliipanga njia ile kwa bidii ambayo hakuna mtalii aliyewahi kupangiwa. Ingeanzia barabarani, chini kidogo ya shamba la Bartolomeo, ili Martha asichoke kabla ya kuanza. Ingefuata mfereji, ipande kando ya mashamba ya ngano na mbaazi, iguse mpaka wa msitu ambapo hewa ni ya baridi hata mchana, halafu ifike kwenye mwamba mmoja uliotokeza juu ya bonde. Pale mto unaonekana wote, unavyojipinda kati ya miti, unavyopotea na kutokea tena, mashamba mekundu na ya kijani yakiusindikiza kila upande mpaka macho yanachoka. Kutoka hapo ingeshuka taratibu, ifuate mto hadi darajani, irudi barabarani ilipoanzia. Alikwenda peke yake na panga akafyeka vichaka vilivyoziba upande mmoja. Alikaa juu ya mwamba, akahama, akakaa tena, akitafuta pale ambapo Martha akikaa jua halitampiga usoni. Maneno aliyafanyia mazoezi mbele ya ng'ombe wa watu.

"Nina njia ya kupima," alimwambia kwenye simu.

Martha akauliza, "Lini?"

"Jumamosi."

"Iwe asubuhi basi. Saa nane baba anataka niwe nyumbani."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza, kuna nini saa nane? Leonce hakuuliza. Alikuwa amefurahi mno, na furaha ilimziba masikio.

Jumamosi ukungu ulikuwa bado umeshuka kutoka msituni alipofika barabarani. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha lakini udongo haujakauka, ule mwekundu unaong'ang'ania kiatu. Kutoka pale aliona nyumba ya Bartolomeo juu kwenye mteremko, na moshi wa jikoni. Akapiga simu.

"Nipo barabarani."

"Nyumba si unaiona?" alisema Martha. "Panda. Baba yupo, anakunywa chai."

"Tutachelewa. Shuka wewe."

Simu ikawa kimya mpaka akadhani mtandao umekatika. Kisha Martha akasema, "Haya."

Alishuka akiwa amevaa raba na sweta la kijani, na nywele amesuka upya, mistari midogo iliyokaza vizuri, bado ina mafuta. Leonce aliziona nywele zile akajua zimesukwa kwa ajili yake. Moyo ukampasuka kwa raha.

Walitembea. Leonce alikuwa mbele, akigeuka kila mara kumwonyesha pa kukanyaga, akimweleza habari za Hanifa, za wageni wa mwaka uliopita, za tembo aliyemaliza mahindi ya watu wa mpakani. Martha aliitikia "mm" na "kumbe". Kilima hakijaanza, bado wako tambarare kando ya mfereji, na tayari alikuwa kimya. Leonce akajiambia, wastani, safi kabisa, hii Hanifa ataipenda.

Walipofika kwenye mwamba jua lilikuwa limeshautimua ukungu. Bonde lilikuwa wazi lote kama alivyopanga. Martha akaketi palepale alipotayarishiwa, bila kuambiwa, na kwa muda akautazama mto. Leonce alimwona anavyovuta pumzi. Akafungua begi akatoa chupa ya chai na maandazi, akammiminia.

"Pazuri," alisema Martha.

"Nimepatafutia wewe."

"Si umesema pa watalii?"

"Martha." Maneno yote aliyowahubiria ng'ombe yakamtoka kichwani. Yalibaki machache tu. "Rudi nyumbani. Mwenzio sili nikashiba, silali nikapumzika. Msimu huu ukiisha nakuja kwa mzee. Nimeshaanza hata kuongea na wajomba."

Martha aliweka kikombe chini kwenye jiwe. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, Leonce angejua pa kushika.

"Leo saa nane wanakuja wazee wa kina Piusi," alisema.

"Piusi gani?"

"Mwalimu. Wa kule Mbulumbulu."

Leonce alimjua. Mtu mpole, mrefu, mwenye baiskeli. Hakuwa na neno baya la kumsema, na hilo lilimuuma zaidi. "Wanakuja kufanya nini?" aliuliza, ingawa hata mtoto angejua.

"Kuniomba."

"Unampenda?"

"Ametuma watu, Leonce."

"Nimekuuliza unampenda?"

"Na mimi nimekujibu." Macho yake yalikuwa kwenye mto. "Unajua baba yangu aliishije mwaka huu? Kila Jumapili baada ya misa mbwa akibweka, anainuka, anavaa koti. Anafikiri ni nyie. Anasimama mlangoni na koti lake, halafu anaona ni jirani kaja kuazima jembe. Mama alikuwa anageuka upande wa jikoni asimwone. Mimi nilikuwa namwona. Mpaka siku moja mbwa alibweka, na yeye hakuinuka."

Leonce akaliweka chini andazi lake.

"Hakuna aliyekutaka uje na nyumba mgongoni," Martha aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Ungekuja na wazee wawili wa kuokota pale kwenye kilabu cha pombe, wamevaa kandambili, baba angewapokea. Mimi ningekaa jikoni ninyamaze, nife kwa furaha. Hata leo. Leo asubuhi nilikwambia panda, baba yupo. Nilisema moyoni, akipanda tu, akaingia, akasema shikamoo peke yake bila mzee hata mmoja, namwambia baba awapigie wale wenzetu wasije. Nilikuwa nimesimama dirishani. Ukasema tutachelewa."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya chini, amekunja magoti, na Leonce akakaa pembeni yake kwenye mwamba alioufyekea vichaka, akilia naye bila hata kujificha. Bonde lilikuwa palepale, zuri vilevile, na hakuna aliyelitazama.

"Twende nikaongee naye sasa," alisema mwishowe. "Twende hivi hivi."

"Ameshatoa neno kwa watu. Watakuwa njiani." Martha alijifuta uso kwa sweta. "Ulitaka nimwaibishe mara ngapi, baba yangu?"

Akasimama, akafungua simu akatazama saa, na hapo uso wake ukabadilika. Walikuwa wamekaa sana. "Leonce, tutafika?"

Sasa nikueleze jambo ambalo Martha hakulijua. Kutoka kwenye mwamba ule kulikuwa na njia mbili. Moja ni ile iliyopangwa, inayozunguka na mto mpaka darajani, taratibu, yenye vivuli na mahali pa kupumzikia. Wakiifuata hiyo, wazee wangekaa sebuleni mpaka wachoke, binti hayupo, wala hajulikani aliko. Kwa watu wetu jambo hilo halina dawa. Wangejifuta vumbi wakaondoka, na Piusi asingetuma tena. Njia ya pili haikuwa ya wageni wala ya Hanifa. Ilikuwa ya mbuzi, inaporomoka moja kwa moja mpaka mtoni, unavuka kwa mawe, unapanda ng'ambo na umeshafika karibu na kwao. Martha hakujua kama ipo. Leonce angesema tu, tutafika, halafu amwongoze kwa ile ndefu, na hakuna mtu duniani ambaye angemgundua. Njia ni kazi yake.

Alisimama pale na njia zote mbili miguuni mwake, na nisidanganye, alisita. Alisita vya kutosha Martha kumwita tena.

"Tutafika?"

Angalitazama lile sweta la kijani tu, pengine angemwongopea. Lakini alimtazama usoni, akaona hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kumkosa Piusi. Ilikuwa ya yule mzee aliyemo ndani ya nyumba kule.

"Tutafika," alisema. "Nishike mkono. Panateleza kidogo."

Walishuka kwa ile ya mbuzi. Leonce alikuwa chini yake muda wote, akikanyaga kwanza, akimwekea bega pale udongo ulipoteleza. Martha hakunyamaza tena. Alipiga kelele, alimtukana, alimwambia njia gani hii wewe mwanaume, na mara moja, aliposerereka kwa makalio mpaka akamgonga, wakacheka wote wawili kwa nguvu, kisha wakakumbuka na kicheko kikakatika. Mtoni maji yalikuwa bado mengi. Leonce aliingia na viatu vyake mpaka mapajani, akasimama katikati, Martha akakanyaga jiwe moja baada ya jingine akiwa amemshika kichwa.

Kule juu, penye mfereji ulio nyuma ya shamba la Bartolomeo, Leonce akamsimamisha.

"Kaa hapo."

"Nachelewa."

"Huwezi kwenda mbele ya watu hivyo. Kaa."

Akapiga magoti. Akamvua raba, akaziosha kwenye maji ya mfereji, akikwangua matope kwa kijiti mpaka soli zikatoka safi. Akamwosha na miguu, vifundo vyote viwili, akaikausha kwa shati lake. Martha alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Alipomaliza kumfunga kamba, Leonce akabaki ameinama, kwa sababu hakutaka kuinua uso.

"Pita jikoni," alisema. "Utamkuta mama yako."

Martha akamwekea kiganja kichwani, akakiacha hapo kidogo, halafu akaondoka haraka kati ya mbaazi. Hakugeuka. Leonce alisikiliza mpaka mlango wa jikoni ukafungwa.

Alishuka barabarani kwa kupitia pembeni ili arudi zake mjini. Huko akakuta gari dogo limezama matope hadi nusu ya tairi, dereva anaweka mawe, na wazee watatu wamesimama kando wakiwa na makoti na fimbo zao. Mmoja wao alikuwa mzee sana, magoti yake yanacheza, na alikuwa anautazama mteremko ule kama mtu aliyeonyeshwa deni.

"Shikamooni," alisema Leonce, maana hakuna jinsi ya kuwapita wazee.

"Marahaba. Kijana, wewe ni mwenyeji hapa?" aliuliza yule mzee sana.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi naitwa Josephati. Tunakwenda pale kwa Bartolomeo, tuna shughuli ya heri, na gari limetutupa. Hawa wenzangu wanasema nibaki chini. Mimi ndiye msemaji, nitabakije chini? Nisaidie, mwanangu. Nishike tu."

Leonce alifikiri kukimbia. Alifikiri kusema kweli, mimi siwezi, mtafute mwingine. Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono, na mkono wa mzee ukinyooshwa hauachwi hewani. Akaushika.

Akampandisha kama anavyopandisha wageni wote wenye umri, kwa kupinda kulia na kushoto asikabiliane na mteremko, akimsimamisha kila pumzi ilipokata, akimwambia weka fimbo hapa, sasa mguu huu. Wale wawili walifuata nyuma. Mahali pa kupumzika palipo karibu na mti wa mparachichi, Josephati alimpigapiga mgongoni.

"Una mkono mzuri wewe. Umeoa?"

"Bado, mzee."

"Mungu akujalie mke kama huyu tunayekwenda kumwomba. Wanasema ni binti mtulivu, fundi wa nguo, hana makuu."

"Amina," alisema Leonce. Ndilo neno pekee lililokuwapo.

Mbwa akabweka. Mlango wa mbele ukafunguliwa na Bartolomeo akatoka, na alichokiona kilikuwa ni Leonce anapanda kuelekea nyumbani kwake mchana kweupe, amelowa mpaka mapajani, amemshika mkono mzee, na wazee wengine wawili nyuma yake. Kwa kitambo kidogo uso wa Bartolomeo ulifunguka wote. Kisha macho yake yakawafikia wale waliokuwa nyuma, akawatambua, akaelewa, na uso ukarudi kama ulivyokuwa.

"Kijana huyu ametufikisha," alisema Josephati, akihema na kucheka. "Bila yeye tungelala barabarani."

Bartolomeo alimtazama Leonce kwa muda mrefu. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini ambayo wageni hawakuisikia.

"Kumbe ulikuwa unaweza kuja."

Leonce aliuachia mkono wa Josephati, akauweka taratibu kwenye nguzo ya mlango ili mzee asiyumbe, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu Bartolomeo, kisha akawageukia wageni wake na kuwakaribisha ndani.